Likizo Chini ya Bomba Linalotabasamu

Majirani walikuwa wakishangaa jinsi Baba Hakimu na mkewe walivyodumu katika ndoa, kwa kuwa kazi zao zilikuwa mbingu na ardhi. Mama Hakimu alipokea simu za dharura. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile cha kuzunguka, vipokea sauti masikioni, akiwauliza watu waliochanganyikiwa maswali mafupi mafupi: nini kimetokea, uko wapi, nani ameumia. Mtu akianza kuzungushazungusha maneno, humkata kwa sauti ya upole isiyo na masihara, na mtu hujikuta amesema ukweli kabla hajapanga uongo.

Mumewe alikuwa afisa habari wa mamlaka ya maji. Yeye alilipwa ili watu wasijue nini kimetokea, wala wapi. Bomba kuu likipasuka, huandika kwamba kuna maboresho. Maji yakikatika wiki tatu, huo huitwa mgao ulioboreshwa. Na mwaka ule maji yalipotoka mekundu kama chai ya rangi, aliwatangazia wananchi kwamba sasa yana madini zaidi, na akapewa cheti.

Walikuwa na watoto wawili. Mkubwa, binti wa miaka minane, bibi yake alimbandika jina la Hakimu kwa tabia yake ya kusikiliza kesi za watu wazima na kutoa hukumu ambayo hakuna aliyeiomba. Mdogo alikuwa Kibonge, wa miaka minne, mtoto mwenye mashavu ya kuminywa na chuki kubwa dhidi ya nguo. Ukimvisha suruali sebuleni, utaikuta jikoni.

Siku moja wakiwa mezani, Baba Hakimu alikohoa kidogo, akaweka kijiko chini na kutangaza kwamba familia itakwenda pwani siku kumi.

"Tutafikia wapi?" mkewe akauliza.

"Malazi yameshaandaliwa."

"Wapi?"

"Ni malazi ya kisasa, yanayozingatia mahitaji ya familia."

"Baba Hakimu. Wapi?"

Mwanamume akashusha pumzi. "Kwenye karavani. Ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari. Mkurugenzi ametuazima."

Mama Hakimu alifurahi, tusimwonee. Miaka mingapi amelilia likizo? Alijiona tayari amekaa mlangoni, miguu kwenye mchanga, simu imezimwa, hakuna anayepiga kelele kwamba jiko limeshika moto. Furaha ile ilidumu mpaka asubuhi ya safari, karavani ilipoletwa mbele ya nyumba.

Ilikuwa nyeupe, ndefu, imechakaa kiasi. Ubavuni mwake, kuanzia mbele mpaka nyuma, kulichorwa bomba la buluu lenye macho, meno na tabasamu la kutisha. Chini yake kuliandikwa kwa herufi kubwa kama milango: MAMLAKA YA MAJI. TUPO KARIBU NAWE. LETE KERO YAKO.

"Hii ni nini?" mkewe akauliza.

"Ilitumika kwenye maonyesho mwaka juzi. Rangi tu hiyo, Mama Hakimu."

"Tunakwenda kupumzika na tangazo?"

"Baba, kero ni nini?" akauliza Hakimu.

"Kero ni kitu ambacho hakipo," akajibu baba yake, akaingia kwenye gari.

Ndani, ukiondoa vitanda viwili na meza ya kukunja, kabati zote zilijaa mabaki ya maonyesho: maboksi ya vipeperushi, kofia za buluu, daftari kubwa jipya lililoandikwa "Malalamiko" ambalo halijawahi kuandikwa hata nukta, na kipaza sauti cha mkononi chenye mkanda wa kuning'iniza shingoni. Mama Hakimu alitafuta mahali pa kuweka sufuria, akakosa. Alizipanga sufuria juu ya kitanda na watoto kando ya sufuria.

Safari ya kushuka pwani ilikuwa ya saa sita. Ilichukua saa kumi na moja. Tairi la karavani lilipasuka mara mbili, na mara ya pili lilipasukia katikati ya daraja jembamba, magari yakapanga foleni nyuma yao huku madereva wakiwatakia kila aina ya maradhi. Baba Hakimu, jasho likimchuruzika, jeki mkononi, aliomba apigwe picha akiwa ametabasamu, akaituma kwenye kundi la simu la ukoo: "Tumesimama kidogo kufurahia mandhari ya mto." Shangazi zake wakajibu kwa mioyo na maua.

"Kwa nini umedanganya?" Hakimu akauliza.

"Sijadanganya. Mto haupo hapo?"

Binti akauchungulia mto. Ulikuwepo. Akarudi garini, lakini kwa uso wa mtu aliyeahirisha kesi, si wa mtu aliyeifuta.

Walifika jua likiwa limeinama, wakaegesha kwenye uwanja wa nyasi kati ya minazi na ufuo. Bahari ilikuwa ya buluu kweli, mchanga mweupe kweli, upepo mtamu kweli, na kwa mara ya kwanza Baba Hakimu alituma picha isiyohitaji maelezo. Wakala mkate na mayai, wakalala wamebanana kama dagaa kwenye kopo.

Asubuhi Mama Hakimu aliamshwa na sauti za ndoo. Alidhani anaota. Akasogeza pazia. Nje, kuanzia ngazi ya karavani mpaka barabarani, walipanga mstari watu wapatao arobaini: akina mama wenye ndoo, wazee wenye madumu, fundi baiskeli na kopo la rangi lililooshwa, mwenye hoteli ndogo ya karibu akiwa na pipa zima kwenye mkokoteni. Wote walikuwa wakilitazama lile bomba linalotabasamu kwa subira ya watu waliozoea kungoja.

"Baba Hakimu," akasema kwa upole. "Amka. Una wageni."

Mumewe alitoka akiwa na kaptura na taulo begani. Mwanamke mmoja mnene, mpishi wa shule ya pale, akapiga hatua mbele.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Sasa, Baba Hakimu katika maisha yake hakuwahi kuitwa mheshimiwa na mtu ambaye hakuwa akiuza kitu. Neno lile lilimwingia kama maji ya baridi kooni. Badala ya kusema yeye yuko likizo, alinyoosha mgongo, akarekebisha taulo kana kwamba ni koti, akasema, "Marahaba, mama. Karibuni sana."

"Mheshimiwa, tunashukuru mmetukumbuka. Maji hapa hatujayaona tangu wajukuu zangu hawajazaliwa. Tukaona hiki kibanda, tukasema, leo mambo!"

"Ndiyo, ndiyo. Mamlaka inatambua hali hiyo. Wataalamu wako kazini, na hivi karibuni mtaona mabadiliko."

"Hivi karibuni lini?" akauliza fundi baiskeli.

"Katika kipindi kisicho kirefu."

"Na leo?" akauliza mwenye pipa.

"Leo tunakusanya maoni."

Watu walitazamana. Mwenye pipa akageuza mkokoteni bila kuaga. Wengine hawakuondoka. Walikaa chini kwenye nyasi, ndoo zao mbele yao, wakawa wanamtazama tu. Walimtazama akipiga mswaki. Walimtazama akinywa chai. Alipojaribu kwenda kuogelea, mzee mmoja mwenye dumu akamfuata mpaka kwenye mawimbi akimweleza habari za mita iliyoibwa.

Mama Hakimu hakuogelea. Nani atavua nguo mbele ya ndoo arobaini? Alikaa mlangoni akiwatuliza watoto, na mchana ulipofika akasema, "Tuhame."

Baba Hakimu akakubali upesi. Walipofika ufuo wa pili, akachukua shuka kubwa la kitanda na kamba ili afunike maandishi. Shuka halikutosha. Alivuta huku, likafichuka kule. Mwisho aliridhika alipofanikiwa kufunika bomba, mamlaka, maji na kero, akabaki amechoka hoi, hana kamba tena. Neno moja tu lilikuwa limebaki wazi, katikati ya ubavu, kubwa, peupe kabisa: TUPO.

"Wapo!" ilisikika sauti barabarani muda si mrefu. "Jamani, njooni, wameandika wenyewe!"

Ufuo wa tatu walikimbizwa hata kabla hawajaegesha, kwa maana habari zilikuwa zimewatangulia. Mtu wa bodaboda aliwapita, akawapungia, akasema kwamba kule mbele wanasubiriwa tangu asubuhi na wameshapanga namba. Ndani ya siku tatu Mama Hakimu alikuwa ameiona bahari kwenye kioo cha dirisha tu. Kibonge alikuwa amepoteza suruali nne. Na kwenye kundi la ukoo, Baba Hakimu aliandika: "Wenyeji wa huku ni wakarimu mno, hawatuachi hata dakika moja."

Siku ya nne karavani ilizama kwenye mchanga nje ya zahanati moja ndogo iliyokuwa pembeni mwa barabara ya pwani. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja trekta. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, kuta zimepakwa rangi upya, na mbele yake palisimama bomba la kupendeza la chuma kinachong'aa, lenye sakafu ya saruji na kibao cha marumaru: "Limezinduliwa na Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji."

Aliyetoka kuwapokea alikuwa mkunga. Mwanamke wa makamo, mwembamba, sare yake imepigwa pasi mpaka ingeweza kukata mtu. Hakuwa na ndoo. Aliitazama karavani, akamtazama Baba Hakimu, akasema, "Hatimaye."

"Habari za kazi, dada," akasema Baba Hakimu. "Sisi tuko likizo. Hii rangi tu."

"Ngoja kidogo, kaka yangu."

Akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu anavyotunza cheti cha ndoa. Akaisoma kwa sauti ya kawaida: "Huduma ya maji katika zahanati imerejea kwa asilimia mia moja, na wananchi wameipokea kwa nderemo. Imetolewa na Afisa Habari." Akainua macho. "Ni wewe?"

Baba Hakimu alijikuna shingo. "Kitengo changu, ndiyo."

"Fungua hilo bomba."

Hakufungua. Kibonge ndiye aliyelifungua, uchi kama alivyozaliwa. Alikizungusha kile kishikio mpaka mwisho. Ndani ya bomba kulisikika mluzi mwembamba, kisha akatoka mjusi.

Mama Hakimu alikuwa amesimama kwenye ngazi na mwiko mkononi. Hakumtazama mjusi. Alimtazama mumewe, na alipofungua kinywa ilitoka ile sauti ya kazini, ambayo nyumbani hakuwahi kuitumia tangu waoane.

"Baba Hakimu. Nini kimetokea hapa?"

"Kuna changamoto ya—"

"Sijauliza changamoto. Nini kimetokea?"

"Mhandisi wa eneo alituma taarifa kwamba mradi—"

"Ulifika hapa?"

"Kiutaratibu, kitengo chetu huwa hakilazimiki—"

"Ulifika?"

Bahari ikapiga mara mbili, mara tatu.

"Sikufika," akasema Baba Hakimu. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza yenye neno moja la maana tangu walipoondoka nyumbani, na hata yeye mwenyewe alionekana kushtuka jinsi ilivyokuwa fupi. "Mhandisi alinipigia simu. Alisema limetoka maji, Mkurugenzi amekata utepe. Nikaandika."

"Maji yalitoka," akasema mkunga. "Hilo hakukudanganya. Nyuma ya ukuta kuliwekwa pipa, likaunganishwa kwa mpira. Mimi ndiye niliyelijaza, ndoo kumi na nne kutoka kisimani, kwa sababu niliambiwa mkubwa akiona maji yanatoka ndipo bomba la kweli litaletwa. Yakatoka dakika tano. Wakapiga picha, wakapiga makofi, wakaondoka na pipa." Akaikunja karatasi yake. "Kutoka hapa mpaka bomba kuu ni hatua mia mbili. Nimezihesabu. Hakuna kitu chini ya ardhi hata hatua moja. Mwezi uliopita nimezalisha akina mama tisa hapa, na nimenawa mikono kwa vikombe."

Hakimu, ambaye alikuwa amekaa kwenye sakafu ya saruji akifuatilia neno kwa neno, akamgeukia baba yake. Kila mtu alijua hukumu inakuja. Lakini mtoto alimtazama tu, kisha akainuka, akaenda kumshika mkono mkunga. Baba Hakimu alisema baadaye kwamba heri angepigwa kibao.

Mama Hakimu akaingia ndani ya karavani, akasukuma sufuria kando, akatoa lile daftari la malalamiko na kalamu. Akakunjua meza, akaiweka nje kivulini, akakaa.

"Nilikuja kupumzika," akamwambia mumewe, "lakini kama nitaandamwa na ndoo siku kumi, bora niandamwe nikiwa nafanya kitu. Waite."

Hawakuhitaji kuitwa. Kibonge alikuwa ameshagundua kipaza sauti, amejining'iniza nacho shingoni, amepanda kwenye ngazi chini ya lile tabasamu la buluu, anapayuka neno pekee alilojifunza vizuri katika likizo ile: "Maji hamna! Maji hamna! Maji hamna!" Sauti ikavuka minazi. Watu wakaanza kuteremka kutoka mitaani, wengine wakitokwa na machozi ya kicheko kwa kumwona afisa wa kwanza wa serikali anayesema kitu wanachokijua.

Mama Hakimu aliandika mpaka adhuhuri. Nini, wapi, tangu lini, nani anaumia. Mtu akianza hotuba, alimrudisha kwenye mstari. Akina mama waliokuja kulalamika kwa saa nzima walijikuta wamemaliza kwa dakika mbili na wameridhika zaidi. Kurasa kumi na nane zilijaa. Alipozimaliza, akamsogezea mumewe daftari pamoja na simu.

"Mpigie mhandisi."

"Mama Hakimu, kuna ngazi za—"

"Mpigie. Mwambie uko wapi na unaona nini. Usiongeze."

Alipiga. Mwanzoni maneno yake ya zamani yalimjia mdomoni yenyewe, kama kikohozi. Alisema "katika muktadha wa" mara mbili. Kisha akamwona mkunga ameegemea mlango wa zahanati, amekunja mikono kifuani.

"Mhandisi, niko zahanati. Hapa hakuna bomba. Chini hakuna kitu. Mlitumia pipa." Akasikiliza. "Hapana, sitaki kujadiliana. Nimesimama juu yake." Akasikiliza tena. "Mwambie Mkurugenzi. Au nitamwambia mimi."

Kumbe Mkurugenzi alikuwa ameshajua. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amempiga Kibonge picha: mtoto uchi wa mnyama, kitambi mbele, kipaza sauti mdomoni, bomba linatabasamu juu yake, na ndoo sitini nyuma. Chini ya picha mtu akaandika: "Msemaji mpya wa mamlaka ya maji. Huyu hana cha kuficha." Kufikia jioni picha ilikuwa kwenye kila simu, na hata kwenye kundi la ukoo, ambako shangazi mmoja, asiyejua lolote, aliuliza mbona mjukuu wao hana nguo na hiyo foleni ni ya nini. Baba Hakimu akampa mkewe simu. Mkewe akamjibia: "Watu hawana maji, shangazi."

Kesho yake saa nne asubuhi ziliwasili gari tatu. Ya kwanza ilimleta Mkurugenzi. Ya pili ilileta waandishi wa habari. Ya tatu, baada ya kitambo, ilikuwa lori la maji lenye lita elfu kumi, na ndiyo pekee iliyopigiwa vigelegele.

Mama Hakimu alikuwa amemsaidia mumewe kufunga masanduku. Wote wawili waliamini leo anamwaga unga. Alivaa shati lake safi la mwisho, akanyoosha kola, akasogea kumlaki bosi wake kama mtu anayekwenda kuchomwa sindano.

Mkurugenzi alimpita, akachukua kipaza sauti kutoka shingoni mwa Kibonge, ambaye alilia, akapanda kwenye ngazi ya karavani na kugeukia kamera.

"Ndugu wananchi," akasema, "muda mrefu nimekuwa nikijiuliza, tutawafuata vipi wananchi wetu walipo? Ndipo nikabuni mpango huu mnaouona, Huduma Tembezi. Nilimtuma afisa wangu huyu kimyakimya, pamoja na familia yake, ili mpango ujaribiwe bila mbwembwe. Leo hii nautangaza rasmi!"

Makofi yakapigwa na wasaidizi wake. Mkunga akasogea mpaka chini ya ngazi, akauliza kwa sauti iliyosikika kwenye kila kamera, "Na hatua mia mbili za bomba zinaletwa lini, bosi?"

"Hivi karibu—"

"Siku gani?" akauliza Mama Hakimu kutoka mezani kwake, kalamu juu ya daftari, kwa ile sauti yake. Hakuinua hata kichwa. "Nataka kuandika. Siku, na jina la fundi."

Mkurugenzi akamgeukia. Kamera zilikuwa zikimtazama, ndoo zilikuwa zikimtazama. Jibu likamtoka kabla hajalizuia: "Jumatatu ya wiki ijayo. Mhandisi mwenyewe atakuwepo."

Mama Hakimu akaandika, akamgeuzia daftari, akampa kalamu. "Tia sahihi hapa, tafadhali."

Akatia.

Hivyo ndivyo Baba Hakimu alivyonusurika. Hakufukuzwa kazi, alipandishwa cheo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Aliteuliwa Mratibu Mkuu wa Huduma Tembezi, kazi ya kudumu, ofisi yake ikiwa ndani ya karavani, eneo lake la kazi pwani yote. Mkurugenzi alimpa mkono na kumnong'oneza kwamba akae huko, akae sana.

Mama Hakimu na watoto walirudi nyumbani kwa basi, lakini si siku hiyo. Alikataa katakata. "Bado siku tano," akasema, na akampeleka Kibonge na Hakimu baharini huku mumewe amebaki mezani na foleni. Walishinda majini mpaka vidole vikakunjamana. Hakimu alijifunza kuelea chali. Kibonge, kwa kuwa mahali pale hakuna aliyejali nguo zake, alikuwa mtoto mwenye raha kuliko wote duniani. Mama yao alikaa kwenye maji ya magotini, macho yamefumbwa, na aliposikia mtu ufuoni akiita "Mama! Mama, samahani, kuna tatizo!" aliinua mkono bila kugeuka, akaonyesha karavani.

Mafundi walikuja Jumatatu iliyoandikwa, kwa kuwa waandishi wawili walikuja pia. Kazi iliyosemwa ni ya miaka ilimalizika kwa siku tisa. Kwingine hakukwenda vizuri hivyo. Kurasa nyingi za lile daftari bado hazijapigiwa mstari mpaka leo.

Baba Hakimu alibaki kule miezi minane. Mwanzoni watu walimzomea, baadaye wakamzoea, mwishowe wakaanza kumwekea samaki. Alikonda, akaungua na jua, akajifunza kuchimba. Taarifa zake kwa Mkurugenzi zikawa fupi hata zikaleta mashaka ofisini kwamba anaumwa. Moja ilisema: "Maji yametoka saa tatu. Yamekatika saa sita. Fundi yupo shimoni, nimemwona." Makao makuu waliirekebisha kabla ya kuichapisha, ikawa kurasa mbili, haina shimo wala fundi. Lakini ile ya asili alikuwa ameshaibandika kwa mkono wake kwenye mlango wa zahanati, na mkunga, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, aliisoma, akachukua kalamu na kusahihisha kosa moja: saa sita na robo.